Silinda Sita, Kabureta Mbili

Pasaka ya 1971, Datsun 240Z mbili zilishika nafasi ya kwanza na ya pili katika Safari Rally. Ya kwanza iliendeshwa na Edgar Herrmann, msomaji ramani wake akiwa Hans Schüller; ya pili ilikuwa ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mashindano hayo yalianzishwa 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na sifa yake kubwa ilikuwa barabara zisizofungwa: magari yalikata matope na vumbi huku malori, ng'ombe na waendesha baiskeli wakiendelea na shughuli zao.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa mtoto wa shule ya msingi Nairobi, na matokeo hayo aliyasikia redioni. Alizoea kuwasikia watu wazima wakisema kwamba gari la spoti ni la lami tu: viti viwili, tumbo chini, likikutana na shimo safari imekwisha. Kumbe gari la namna hiyo hiyo lilikuwa limeingia porini na kuyashinda mengine yote. Mwaka 1973 Mehta alirudi na 240Z, safari hii akiwa na Lofty Drews, akalingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström, na ushindi akapewa yeye. Mehta alizaliwa Uganda, na haukuwa umetimia hata mwaka mmoja tangu Idi Amin awafukuze Waasia nchini humo. Mtoto yule hakuyaelewa hayo yote wakati ule. Alichokishika ni umbo la gari: boneti ndefu na paa linaloteremka hadi nyuma.

Alipomaliza shule alijifunza ufundi katika gereji moja ya Kirinyaga Road, ambayo wazee wengi bado waliiita Grogan. Mwenye gereji alikuwa Kalasinga wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyewajua wateja kwa magari yao kuliko kwa majina yao. Huko ndiko fundi alikofundishwa kusawazisha kabureta kwa kipande cha mpira wa maji. Injini ikiwa inanguruma taratibu, ncha moja ya mpira huwekwa kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza na nyingine sikioni. Hewa inayovutwa ndani hutoa sauti ya kufoka. Kisha mpira huhamishiwa kabureta ya pili. Sauti zikitofautiana, skrubu inakazwa au inalegezwa kidogo kidogo, kidogo kiasi kwamba anayetazama kwa mbali haoni mkono ukisogea, mpaka mfoko uwe mmoja.

"Kijana, bado," mzee alikuwa akimwambia. "Rudi kwa ile ya kwanza."

"Ndiyo, mzee."

Gari lake la kwanza lilikuwa MGB ya paa la turubai, alilouziwa na Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. MGB zilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, na injini yake ya silinda nne, cc 1798, haina siri: ukifungua boneti unaona kila kitu na mkono unafika kila mahali. Alifungua paa kila Jumapili yenye jua na kupandisha Limuru kati ya mashamba ya chai. Gari lile lilimfundisha kuisikiliza injini akiwa safarini, na kwa hilo analipenda mpaka leo.

Hata hivyo moyo ulikuwa kwa Datsun. Aliipata Mombasa, katika ua wa nyumba moja, imeliwa na hewa ya chumvi mpaka sakafu ya upande wa dereva ikawa inapitisha kidole. Injini ilikuwa nzima. Bodi ilikatwa, ikachomelewa, ikapigwa rangi ya buluu, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu kwa sababu mshahara wa fundi una mambo mengi ya kufanya kabla ya kufika kwenye gari la viti viwili.

Kilichoiokoa ni busara ya wahandisi wa Japani. Injini ya 240Z ni silinda sita kwa mstari, cc 2393. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7, vipimo vile vile vya injini ya silinda nne ya Datsun 1600, gari la familia ambalo Herrmann huyo huyo alishinda nalo Safari ya 1970. Kwa hiyo vifaa vingi vya ndani havikuhitaji kuagizwa ng'ambo. Fundi alizunguka kwenye maduka ya spea na kwa wauza vyuma chakavu akiuliza vya 1600, gari ambalo kila muuzaji alilijua, na gari la spoti likafufuka kwa vyuma vya gari la kupelekea watoto shule. Hilo linampa furaha kuliko nguvu zake zote za farasi.

Safari aliyoipenda zaidi ilikuwa ya Mombasa, kilomita 480 hivi. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa huku, ukishuka nayo pwani kwenye hewa nzito, hutoa petroli pungufu. Basi Voi ilikuwa lazima kusimama, kufungua plagi na kuisoma. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, imepungua. Rangi ya kahawia ndiyo inayotakiwa. Alizungusha nati iliyo chini ya kila kabureta, akafunga boneti, na kuteremka Mariakani injini ikiimba vizuri.

Petroli yenye risasi ilipoondolewa, kazi iliyokamilika katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, wenye magari ya zamani walimiminika gereji kwake wakiwa na wasiwasi. Wenye MGB walikuwa na sababu. Hedi yake ni ya chuma cha kuyeyusha, na viti vya valvu vilivyochongwa humo humo huliwa taratibu, nafasi ya valvu ikizidi kuwa finyu. Dawa ni kuvichonga na kupachika vingine vigumu. Hedi ya 240Z ni ya aluminiamu, viti vyake ni vya kupachikwa tangu kiwandani, nayo ikaendelea bila shida.

Siku hizi vijana waliovutiwa na maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse humwomba aende nao kukagua gari kabla ya kulipa. Yeye haanzi na rangi wala injini. Kwenye 240Z huondoa betri kwanza na kugonga bati la chini yake kwa mpini wa bisibisi, kisha hupiga magoti mbele ya magurudumu ya nyuma, mahali maji yanapojificha, na kugonga tena. Bati likitoa mlio mkavu, hapo ndipo anapoomba ufunguo.