Fundi wa Barazani

Ufundi wa kompyuta nilifundishwa na mjomba, barazani kwake Magomeni, Dar es Salaam, miaka ya mwanzo ya 2000, wakati kila aliyeoza binti alibaki na harusi yake ndani ya CD. Kompyuta za mtumba zilikuwa zikimiminika Kariakoo, na vumbi la mtaani halikubagua mpya wala kuukuu. Mjomba alishika bodi na pawasaplai; mimi mdogo nikaachiwa draivu za diski. Hiyo kazi iliyodharaulika ndiyo iliyonilea.

Malalamiko yalikuwa yale yale: haisomi, inarukaruka, mlango haufunguki. Sharti la mjomba lilikuwa moja: mteja avutiwe kigoda, akae, aone kila kinachofanyika. Mafundi wenzetu walitucheka. Kwao, draivu isiyosoma ilikuwa imekufa, na dawa yake ni kununua nyingine.

Nilianza na diski yenyewe. Kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Data za CD zimepangwa kwenye njia inayojizungusha, kila mzunguko ukiwa mikromita 1.6 kutoka kwa mwenzake. Mkwaruzo unaoikata njia, draivu huweza kuusahihisha. Unaoifuata njia humeza data nyingi mfululizo. Na wengi huogopa upande unaong'aa, kumbe kwenye CD upande wa maandishi ndio dhaifu, maana tabaka linaloakisi mwanga liko hapo juu, chini ya vanishi nyembamba tu.

Ikigoma bado, nilizima mashine na kuchomoa waya wa umeme. Trei iliyokwama niliitoa kwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa, nikiisukuma ndani ya kitundu cha mbele. Kwenye laptop lenzi iko juu ya trei yenyewe, hufungui skrubu hata moja. Draivu ya deskitopu lazima ivuliwe kifuniko. Lenzi ni ya plastiki, ndogo kama punje ya dengu, imeshikiliwa na nyaya nyembamba ili ipande na kushuka ikiifuata diski. Kwanza nilipuliza kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo wenye mate. Kisha kijiti cha pamba chenye unyevu kidogo wa alkoholi ya isopropili: kuigusa, kuizungushia pamba taratibu, kuiacha ikauke. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha ni marufuku, huitia plastiki ukungu usiotoka. Wala draivu haiwashwi ikiwa wazi. Leza ya CD, ya nanomita 780, jicho haliioni sawasawa, lakini kuumia linaumia.

Mlango mzito mara nyingi ni mkanda wa mpira unaoteleza. Niliutoa kwa kibano, nikaufuta mafuta kwa alkoholi ile ile; uliolegea nilibadilisha.

Mama mmoja wa Manzese aliwahi kuja na pesa mkononi. "Fundi, hii imeshakufa, nitajie bei ya nyingine." Nikamkalisha. Pamba ilitoka nyeusi, diski ikaingia, vigelegele vya sendofu ya binti yake vikajaa baraza. Akaniuliza, "Na nyumbani mwenyewe naweza?" Nikampa kijiti, nikamwelekeza. Mwaka uliofuata alinipeleka dukani kwa mwanawe, nikafunga kompyuta zote za pale.

Siku hizi laptop nyingi hazina draivu kabisa. Wateja wanaleta diski za zamani niwahamishie kwenye flashi, nami nawahimiza wasichelewe, kwani diski za kuchoma hurekodiwa kwenye rangi inayochuja kwa jua na joto. Wenye draivu ya kuchomeka kwa USB nawaonyesha kuisafisha, wakahamishe wenyewe. Bado naulizwa nitakula nini nikiwafundisha wateja. Kitabu changu cha oda kimejaa majina ya watu waliotumwa na hao hao.