Mashine Mmeipangia Mtoto?
Mwanangu wa miaka sita alianguka mwembeni, akatapika mara tatu. Daktari akaagiza apigwe picha ya CT ya kichwa. Nilisita, kwani nilikwisha kusoma kwamba picha hiyo hubeba mionzi ya takriban milisivati 2, mingi kuliko ya picha ya kawaida ya kifua.

“Ndugu yangu, mashine mmeipangia mtoto?” nilimuuliza mpiga picha.

“Bado, Ustadhi,” akakiri, akabadili vipimo. Akanieleza kuwa mionzi ikipunguzwa mno picha hujaa chenga, na damu kidogo huweza kujificha humo. Lakini fuvu dogo halihitaji nguvu ya mtu mzima, na kompyuta husaidia kuziondoa chenga.

Sikupendezwa kwamba ilinibidi niulize. Nikasimama nyuma ya kioo nikimwomba Mola. Picha ilitoka safi, damu haikuonekana. Njiani mtoto akaniuliza ni nani aliyeokota maembe yake.