Kiraka cha Dumu

Anayetaka kuelewa plastiki na abebe kuni. Kwetu Mandawa, wilayani Ruangwa, tulibeba mizigo ya aina mbili. Fito zilizonyooka hulaliana, mzigo ukawa mwembamba lakini mzito. Matawi ya mkorosho hayalaliani: kila kitawi husukuma kingine, mzigo ukajaa nafasi tupu, na kamba ikalegea kabla hujafika nyumbani.

Polithini nayo ni hivyo. Ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Ya kwanza kufaa viwandani ilipatikana Uingereza mwaka 1933, katika kampuni ya ICI, kwa joto na mgandamizo mkubwa mno. Katika hali hiyo mnyororo huota matawi. Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler alipata kichocheo kinachojenga mnyororo kwa mgandamizo mdogo, karibu bila matawi. Minyororo yenye matawi haikaribiani, kwa hiyo plastiki yake ni laini na huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi. Iliyonyooka hubanana, plastiki ikawa ngumu, na hutaka nyuzi 130 hivi. Dumu la maji ni la ukoo wa fito.

Haya niliyasoma ukubwani. Mama alikuwa nayo masikioni. Dumu la lita 20 likipasuka kiangazi, hela ya jingine haipo, alipasha kisu moto na kuyeyushia kipande cha mfuko juu ya ufa. Ila kwanza aliufikicha mfuko. Ulionyamaza aliuweka kando. "Huo mlaini haushiki," alisema. Alitumia unaochakacha, ambao ni polithini ileile ya dumu, imefanywa nyembamba tu.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania, ya matawi na ya fito pamoja. Sikuililia. Lakini madumu bado yanapasuka, na foleni ya kisimani haimngoji mwenye dumu bovu.

Siku hizi nikienda likizo huokota madumu yaliyokufa na kuyageuza. Kwenye kitako natafuta pembetatu yenye namba 2, alama ya polithini iliyonyooka. Namba 4 ni ya ile yenye matawi. Hiyo naiacha, ina kazi zake, lakini kuziba dumu si mojawapo.