Mizongo na Mizunguko

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mtu anayeingia katika mashindano ya vigari vinavyoongozwa kwa redio, hakuna linalomtia hasara upesi kama nambari iliyoandikwa ubavuni mwa mota. Huona 13.5 kwenye mota moja na 21.5 kwenye nyingine. Kwa kuwa amezoea kwamba kubwa ni zaidi, huitoa akiba yake ya miezi kadhaa akainunua ya 21.5. Kumbe amejitwalia ile ya polepole.

Utata huu ni wa lugha kabla haujawa wa ufundi. Kiingereza hutumia neno moja kwa waya unaozungushwa na kwa gurudumu linalozunguka, ilhali Kiswahili kina uwezo wa kuyatenga mambo hayo: waya huzongwa, gurudumu huzunguka. Nambari ile ni ya mizongo, yaani idadi ya mara ambazo waya umezongwa kwenye chuma kilicho ndani ya mota. Mizongo ikiwa michache, mota huenda kasi na kunywa betri kwa pupa. Mizongo ikiwa mingi, kasi hupungua, lakini kila ampea inayoingia huzaa nguvu zaidi ya kuvuta.

Mizunguko nayo ina nambari yake, ile inayofuatwa na herufi kV, ambayo mwanafunzi wa fizikia huisoma kilovolti akapotea kabisa. Maana yake ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya kV 3000 ikipewa betri ya lithiamu ya volti 7.4 hufikia mizunguko 22,200 kwa dakika. Gia zikiipunguza kasi hiyo mara 8, na gurudumu likiwa na kipenyo cha milimita 64, kigari huelekea kilomita 33 kwa saa. Mota ya kV 4000 kwa gia hizo hizo hukaribia kilomita 45.

Nani basi asingetaka hizo 45? Jibu limo katika uwanja. Mahali ambapo njia iliyonyooka ina urefu wa mita 20 tu, ikifuatwa na kona kali, tofauti hiyo haifiki hata sekunde moja, na dereva huipoteza yote anaposhika breki mapema au anapogonga ukingo. Hapa hata methali ya mwenda pole haisaidii sana, maana mwenda pole naye hupitwa. Mota inayofaa ni ile ambayo dereva anaweza kuifungulia kikamilifu mzunguko baada ya mzunguko bila kupotea njia.

Tamiya ya Japani ilipotoa kigari chake cha kwanza cha redio, Porsche 934, mwaka 1976, mota za vigari hivi zilikuwa za brashi za kaboni zinazochakaa. Siku hizi mota zisizo na brashi ndizo zilizotamalaki mashindanoni, na madaraja mengi hupangwa kwa mizongo: 21.5 huku, 17.5 kule, 13.5 kwa waliokomaa. Aliye katika daraja kama hilo amekwisha kuchaguliwa mota. Kilichobaki mkononi mwake ni gia.

Na gia ndizo zinazounguza mota nyingi. Dereva aliyepitwa huongeza jino moja kwenye gia ndogo ya mota, kisha la pili. Kasi ya juu hupanda, lakini mzigo hupanda nayo, na joto likizidi sumaku ya ndani hudhoofika, nguvu isirudi hata ikipoa. Wengi huzichukua nyuzi 80 za Selsiasi kuwa mpaka. Kwa hiyo dereva makini huendesha dakika tano, akakiegesha kigari, akapima joto la mota kabla haijapoa. Ikiwa imepita mpaka, hufungua skrubu, akaweka gia ndogo yenye upungufu wa jino moja, akarudi uwanjani kupima tena.