Kutunza Ndiko Kuboresha

Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mno kwa ukurasa huu, nalo ni injini ya pikapu yetu ya dizeli. Tunasema "yetu" kwa maana kamili ya neno hilo. Gari hili lilinunuliwa likiwa tayari limetumika, kwa michango ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuketi katika kiti chake cha mbele, na kila shilingi iliyoingia humo ilitoka katika gunia la korosho au debe la ufuta la mtu fulani.

Kazi zake mnazifahamu. Mchana hubeba saruji, mabati, magunia, madawati ya shule, na mara nyingine jeneza. Usiku, simu inapolia kutoka upande wa Kilimarondo au Mbekenyera, hubeba mgonjwa, au mama ambaye uchungu wake umekuja kabla ya siku zilizotazamiwa. Kwa hiyo injini ilipoanza kudhoofika, swali lililokuwa mbele yetu halikuwa la vyuma peke yake. Lilikuwa swali la nani atafika hospitalini na nani atabaki njiani.

Dalili zilikuwa tatu. Asubuhi injini iliwaka kwa shida, huku ikitoa moshi mweupe. Ikipanda mlima ikiwa na mzigo ilitoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Na safari ikiwa ndefu, mshale wa joto ulipanda hata dereva akalazimika kusimama. Ushauri nao ulikuwa mwingi. Wapo waliosema tuagize injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam, tuitoe hii tuitupe. Wapo, hasa vijana, waliosema tuifunge tabo ili gari lipate nguvu kama magari mapya. Fedha zilizokuwapo zilitosha jambo moja tu. Tukilichagua vibaya, hatungekuwa na uso wa kurudi kwa watu kuomba mara ya pili kabla ya msimu mwingine wa korosho.

Ili tuamue kwa haki, ilitupasa kwanza tuielewe injini yenyewe. Ni ile ambayo mafundi huiita 1HZ, ya Toyota Land Cruiser, iliyoanza kuundwa mwaka 1990 na ikaendelea kuundwa kwa zaidi ya miaka 30. Ina silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja na ukubwa wa lita 4.2. Haina tabo, wala haina kompyuta ya kupima mafuta. Pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa gia na springi. Kama injini zote za dizeli, haina cheche ya kuwashia. Hewa ndani ya silinda hugandamizwa zaidi ya mara 20 hadi inapata joto kali, kisha nozeli hupuliza dizeli humo, nayo huwaka yenyewe. Tofauti yake na injini nyingi za siku hizi ni kwamba dizeli hupulizwa kwanza katika chumba kidogo kilicho ndani ya silinda hedi, moto ukaanzia humo, ndipo ukamsukuma pistoni.

Hapo ndipo ilipo hoja ya tabo. Tabo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, lakini hewa hiyo haileti nguvu mpaka pampu nayo ifunguliwe itoe dizeli nyingi zaidi, na dizeli nyingi zaidi maana yake ni joto zaidi. Toyota wenyewe walipotaka injini ya ukubwa huu yenye tabo, hawakuifunga tu juu ya 1HZ. Waliunda nyingine, 1HD-T, ambayo dizeli yake hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Hatusemi kwamba kila aliyefunga tabo katika 1HZ amepotea. Wapo wanaofanya hivyo kwa kiasi, wakiweka kipimo cha joto la moshi na kukiangalia kama mtu aangaliavyo maziwa jikoni. Lakini kuifunga katika injini iliyochoka, inayochemsha, kwenye njia ya vumbi na mchanga, ni kumtwika mgonjwa mzigo kwa sababu tu mzigo huo huonekana vizuri mabegani mwa mtu mzima.

Fundi mmoja mzee wa hapa Nachingwea, tulipomwita, hakufungua chochote kwa muda mrefu. Alisikiliza, akanusa moshi, akaingiza kidole katika bomba la hewa na kukitoa kikiwa chekundu kwa vumbi. Kisha akasema, "Padre, gari hii haijakosa nguvu. Imekosa pumzi." Akatufundisha kusoma moshi, elimu ambayo tunaona ni vema kila mwenye gari la dizeli aijue. Moshi mweusi husema kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa: ama ea klina imeziba, ama nozeli zinamwaga badala ya kupuliza. Moshi wa bluu husema kwamba oili inaungua, yaani ringi au vali zimelegea. Moshi mweupe asubuhi husema kwamba dizeli inatoka bila kuungua kwa sababu injini ni baridi. Lakini ukiendelea hata injini ikiwa ya moto, nayo maji yakawa yanapungua katika rejeta, basi shaka huelekea kwenye gasketi ya silinda hedi. Sisi tulikuwa na mweusi, na mweupe wa asubuhi tu. Wa bluu haukuwapo. Alipopima mgandamizo wa silinda zote 6 akakuta zinakaribiana, na hapo tukajua kwamba moyo wa injini ulikuwa mzima.

Wapendwa, Nachingwea ina sababu yake ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya aina aliyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, nayo ilifanya kazi vizuri. Miaka 47 baadaye Waingereza waliuanza Mpango wa Karanga katika Tanganyika, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 2 katika sehemu za Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Walileta matrekta yaliyobaki kutoka Vita Kuu ya Pili, mengi yakiwa yamechakaa. Walileta hata vifaru vya Sherman ambavyo kampuni ya Vickers ilivigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Nguvu haikupungua. Kilichopungua ni vipuri, karakana, mafundi waliofunzwa na subira ya kuijua ardhi. Huko Kongwa, mahali mpango ulipoanzia, matrekta yalivunjika haraka kuliko yalivyoweza kutengenezwa, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Mvua nazo hazikuja kama ilivyotarajiwa. Mwezi Januari 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Reli iliyojengwa kuja huku kwa ajili yake iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwetu limebaki jina la Stesheni, pasipo treni. Kushindwa kwa mpango ule kulikuwa na sababu nyingi, lakini mojawapo ni hii: waliamini kwamba nguvu yaweza kutangulia na matunzo yakafuata nyuma.

Basi sisi tuliamua kuanza na matunzo, tukaiita kazi hiyo kuboresha. Fundi aliigawa katika mambo manne: hewa, mafuta, maji na oili.

Upande wa hewa tulibadilisha ea klina, tukaziba kila ufa katika mipira ya bomba, na tukafunga mkonga, lile bomba refu lipandalo kando ya kioo cha mbele. Wengi hudhani mkonga ni wa kuvukia mito tu. Kwa njia zetu faida yake kubwa ni ya kiangazi, kwa kuwa huvuta hewa kutoka juu, mahali vumbi ni pungufu kuliko kule chini lilikotimuliwa na magurudumu. Vumbi likipita ndani hukwangua silinda na ringi kama msasa, na hakuna oili iwezayo kurudisha chuma kilichokwanguliwa.

Upande wa mafuta, nozeli zilipelekwa kupimwa, na pampu ikarekebishwa na mtu mwenye mashine ya kazi hiyo. Plagi za kupashia joto zilizokufa, ambazo ndizo zilizoleta taabu ya asubuhi, zikabadilishwa. Tukaongeza filta ya pili yenye chombo cha kutenganishia maji. Hili la filta lina historia yake. Pampu ya dizeli ya aina hii hulainishwa na dizeli yenyewe ipitayo ndani yake. Ikipewa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo ni mepesi, vyuma vyake husagana. Zamani uchanganyaji huo ulienea kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na bei nafuu. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi. Hata hivyo, dizeli iliyokaa katika pipa au dumu kijijini bado yaweza kuwa na maji na uchafu, na mtu aliyeishiwa mafuta usiku hana nafasi ya kuchagua. Filta haiwezi kuyatoa mafuta ya taa. Lakini maji na mchanga huvizuia.

Upande wa maji palikuwa na funzo kubwa kuliko yote. Karakana moja ya zamani ilikuwa imeing'oa themostati, ikidhani inaisaidia injini isichemshe. Desturi hiyo imeenea mno. Lakini themostati ndiyo mlango unaoifanya injini ifikie joto lake la kazi na kubaki nalo. Ukiuondoa, injini hufanya kazi ikiwa baridi kwa muda mrefu mno, hula mafuta na kuchakaa mapema, nao ugonjwa wa kweli, ambao ni rejeta iliyoziba, hubaki umefichwa. Rejeta yetu ilipofunguliwa ilikuwa na utando mgumu wa chokaa, kama ule tuuonao ndani ya birika, kwa sababu ya miaka ya kujaziwa maji ya kisima. Ikasafishwa, themostati mpya ikarudishwa, na sasa hutiwa kulanti.

Upande wa oili hapakuwa na jipya, isipokuwa uaminifu: kuibadilisha pamoja na filta yake kila kilomita 5,000, bila kusubiri iwe kama lami. Pamoja na hayo tulibadilisha taiming belti. Kwa injini hii belti huhesabiwa kwa kawaida kilomita laki moja, na ikikatika, pistoni hugonga vali. Yaani mpira mmoja waweza kuiua injini yenye afya, tena mahali popote, kwa dakika moja, bila moshi wala kelele ya kutoa onyo. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Na kwa vyuma, ukuta wenyewe huuzwa mbali na kwa bei kubwa.

Matokeo yake? Gari halikimbii kuliko lilivyokimbia likiwa jipya, na vijana wetu bado huliona polepole. Lakini asubuhi linawaka kwa mara ya kwanza. Moshi mweusi umekwisha isipokuwa kidogo linapoanza mlima. Mshale wa joto husimama katikati, hata likiwa na mzigo. Dereva wetu sasa ana daftari ambamo huandika kilomita, tarehe, oili, belti na kila alichokisikia kisicho cha kawaida. Daftari hilo ni la bei ndogo kuliko vyote tulivyonunua, nasi twaliona kuwa ndilo lenye thamani zaidi, kwa sababu hata dereva akibadilika, injini haitalazimika kuanza upya kujieleza kwa mgeni.

Twajua, ndugu zetu, kwamba ni vigumu kuwaomba watu wachangie themostati. Kitu kipya huonekana, na aliyekitoa huonekana pamoja nacho; matunzo hayaonekani, kwa kuwa yakifanyika vizuri hakuna kinachotokea. Gari halikuzimika Mbekenyera: hiyo si habari ya kusimuliwa. Lakini wanaolingoja kando ya njia usiku, wakiwa na taa ya tochi na mgonjwa juu ya kitanda cha kamba, hawaulizi lina nguvu za farasi wangapi. Wanasikiliza tu kama linakuja. Tunawaomba basi, kila mmoja kwa kile alichokabidhiwa, iwe ni gari, pampu ya kisima, mashine ya kusaga au paa la shule, ajiulize juma hili kimekosa nini kabla ya kuuliza kiongezewe nini.