Jahazi la Igamba

Igamba hakuna bahari. Kuna kahawa, kuna mahindi, kuna vumbi. Ukitaja jahazi hapa, watu wanajua unaongelea taarabu.

Lakini baba aliondoka Mbozi akiwa kijana kwenda kukata mkonge Tanga. Mkonge ukamchosha, akapanda jahazi. Alirudi na makovu ya kamba viganjani na maneno yasiyokuwa na wa kuyajibu. "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," alikuwa akituambia. Sisi watoto hata tezi hatukuijua iko wapi.

Macho yake yalipozimika, nikaamua kumtengenezea jahazi la kushika. Sentimita 60, kipimo cha 1 kwa 20. Mwili wake ulikubali. Sitaha ndiyo iliyonitoa jasho. Kwanza nilikata plaiwudi nikachora mistari kwa rula. Kwenye simu ilipendeza kweli. Baba akapitisha kidole mara moja tu.

"Hii ni meza, mwanangu."

Nikaanza upya, mbao moja moja. Msindano ulinigomea: mbao unaweza kuipunguza, lakini nyuzi zake hazipungui, na mistari yake mipana inakusuta papo hapo. Nikakumbuka mashina ya mibuni tuliyoyakata ili ichipue upya. Mti wake ni mgumu, nyuzi zake laini. Nikapasua vibao vya upana wa milimita 10 na urefu wa sentimita 15, yaani mbao za sentimita 20 kwa mita 3 kwenye chombo halisi. Kwa kipimo hicho, ufa wa milimita 1 ni ufa wa sentimita 2. Maji hayaombi hodi mara mbili.

Katikati ya mbao nikalaza uzi mweusi wenye gundi, mahali ambapo mafundi hukalfati kwa pamba na mafuta. Misumari ikawa ncha za vijiti vya meno. Mwisho nikapaka kahawa nzito, ipate rangi ya mbao iliyokunywa mafuta. Rangi ya nini kwa mtu asiyeona? Nilijiuliza, nikapaka tu.

Baba alianza kuipapasa tezi polepole, akasimama.

"Hapa viungo viwili vimekaa jirani. Bahari ikichafuka, patafunguka."

"Bahari gani, baba? Tuko Igamba."

Hakucheka. Alishika kidole changu akakiweka pale, kama alivyokuwa akinishika zamani kunionyesha tawi la kupogoa. Kweli, ncha mbili zilikuwa zimelala sambamba, zote juu ya boriti moja. Kahawa alinifundisha tangu utotoni. Ubaharia alikuwa ameuweka kimya miaka yote hiyo, labda kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza.

Usiku ule nilibandua mbao mbili. Asubuhi nilimkuta ameamka mapema, amekaa kibarazani, ananisubiri nimletee chombo akikague.