Ipi Inalipa, Dada?

Kwenye shughuli za ukoo wetu, nikisema mimi ni mwandishi wa habari, wajomba huniuliza natokea televisheni gani. Binamu yangu akisema yuko "kwenye mambo ya kompyuta", hakuna anayeuliza lolote. Wanaitikia kwa heshima, kisha mmoja anamkabidhi simu amwangalizie kwa nini haishiki chaji. Hakuna anayejua binamu hufanya nini hasa kutwa nzima, ila wote wana hakika kwamba inalipa.

Ndiyo maana mdogo wangu wa mwisho alipomaliza kidato cha sita, mchepuo wa EGM na hesabu zake nzuri, shauri lilikwisha kabla hajafungua mdomo. Kompyuta. Mama, ambaye ana genge la mboga Mbagala, alikuwa ameshakopa kwenye kikoba chake ili amnunulie kompyuta mpakato. Na mkopo wa kikoba si mchezo: siku ya marejesho ikifika unarejesha, nyanya zimeuzika au zimeoza. Kwa hiyo binti aliponiuliza, "Dada, kwenye kompyuta, ipi inalipa?", sikusikia tamaa. Nilimsikia mtu anayemwona mama yake akihesabu noti usiku.

Sisi watu wa vitabu tuna kasumba ya kulidharau swali hilo. Eti fuata moyo wako. Mimi niliufuata wangu na bado naupenda, lakini iko miezi ambayo moyo wenyewe huniuliza kodi ya nyumba imefikia wapi.

Basi nikamwambia ninachokijua. Kwanza, "kompyuta" si kazi moja. Kuna anayeandika programu, kuna anayelinda mifumo dhidi ya wezi, kuna anayechambua data, kuna anayepanga kitufe kikae wapi ili bibi yangu asipotee. Na kuna walio chini kabisa. Januari 2023, jarida la TIME liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji na kuyawekea alama, ili akili mnemba ijifunze kuyaepuka. Nao walikaa mbele ya kompyuta. Kiti na kioo peke yake havimwinui mtu.

Sasa kinachomwinua ni nini? Nilimpa mfano wa M-Pesa, maana ndiyo anayotumia kila siku. Ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Marejesho, kama ya kikoba cha Mama! Lakini waliopewa kuijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliousimamia mradi hawakuwaambia wateja kwamba wanakosea. Waliwatazama, wakaelewa, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 kutuma pesa nyumbani ndiyo ikawa habari yenyewe. Tena ilifanya kazi kwenye simu ya vitufe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mikononi mwa watu. Fundi wa kuandika programu anapatikana. Fundi anayejua pia watu wana shida gani ni adimu zaidi, na cha adimu bei yake unaijua.

"Na kuridhika je?" akauliza. Hapo nikamtajia Ushahidi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 damu ilipoanza kumwagika, Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu, alitoa wazo la ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Wataalamu wa kompyuta wakaijenga kwa siku chache tu, na wananchi wakatuma taarifa, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwaka 2010 programu hiyo hiyo ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mimi mwandishi wa habari nikiisoma hadithi hiyo naona wivu. Kazi yangu ni kusikiliza watu na kupeleka neno lao mbele. Wale walifanya kazi hiyo hiyo kwa zana nyingine, na jina lake ni la Kiswahili.

Nikamwambia asianze na orodha ya kozi. Aanze na tatizo moja ambalo yuko tayari kulisumbukia miaka mitano.

Alichofanya sikukitarajia. Jumapili moja alikwenda na Mama kwenye kikao cha kikoba, akaketi pembeni na daftari lake. Alidhani atawatengenezea akina mama programu ya kutunza hesabu, wasigombane siku ya kuvunja kikoba. Alirudi amenyamaza. Wenyewe hawaitaki, alisema. Daftari lao husomwa kwa sauti mbele ya wote, kila mmoja anasikia jina lake na pesa yake. Hesabu zikifichwa ndani ya simu ya katibu, hawatamwamini katibu.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo programu yao lazima isome kwa sauti, dada."

Ameomba Sayansi ya Kompyuta, chaguo la kwanza. Majibu bado, na Mama bado ana marejesho ya miezi minne. Kama italipa, tutaona. Ila sasa akipita gengeni jioni haulizi tena ipi inalipa. Anamuuliza Mama leo nani kakopa nyanya, ameandikwa wapi, na akikana, nani alisikia.